Ukiulizwa Sema Kweli

Mama wa dirishani kwenye ofisi ya vibali vya silaha alimsikiliza Denver Stiltner mpaka mwisho, kisha akaweka kalamu chini na kumtazama kwa huruma.

"Mzee, hebu nikuulize taratibu. Hiyo bastola unayoombea kibali, sasa hivi iko wapi?"

"Si iko nyumbani? Juu ya kabati, ndani ya sanduku la chuma, nimelipiga kufuli. Risasi nimeziweka mbali nayo, kwenye droo ya soksi zangu."

"Nyumbani hapa hapa Binghamton?"

"Sasa ningeiacha wapi, mama? Nimehama nayo."

Yule mama aligeuka nyuma kuangalia kama kuna anayesikia, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. "Hilo la nyumbani mimi sikulisikia. Umenielewa? Hapa jimbo la New York bastola haikai hata chumbani kwako kabla hakimu hajakupa kibali. Kibali kwanza, bastola baadaye. Na kibali chenyewe ni cha miezi, si cha leo wala kesho. Hivi ulivyo nayo tu ni kesi, tena si kesi ndogo."

Denver alicheka kidogo, akidhani anataniwa. Alipoona mwenzake hacheki, akanyamaza. Kwao West Virginia, kwenye bonde la migodi ya makaa ya mawe alikozaliwa, mtu haombi ruhusa ya kuwa na bastola, kama asivyoomba ruhusa ya kuwa na sufuria. Aliinunua dukani mchana kweupe, kwa kitambulisho chake, na muuzaji akamtakia siku njema.

"Basi naipeleka kwetu leo leo. Gari ninalo."

"Wakikusimamisha nayo njiani ndiyo utakuwa umejimaliza kabisa. Tafuta wakili aongee na polisi, waje waichukue. Lakini usikae nayo, mzee wangu. Nakuomba."

Nyuma yake kwenye foleni mwanamume mmoja alimwambia mwenzake, bila hata kupunguza sauti, "Msikie anavyovuta maneno. Hawa wa milimani wakishuka wanashuka na bunduki zao." Wakacheka. Denver aliwasikia vizuri sana. Mgodi ulikula mapafu yake, masikio haukuyagusa. Akaurekebisha mpira wa oksijeni puani, akashika mtungi wake wa magurudumu, akatoka akiuburura kwenye theluji iliyokwisha kuwa matope.

*

Orpha, mkewe, alikuwa anakunja nguo mezani. Mchana kutwa alifua mashuka ya hospitali, na akirudi nyumbani akafua ya kwake. Alimsikiliza mumewe huku akikunja soksi ile ile, anaikunjua, anaikunja tena.

"Na jina ukamwambia?"

"Nimfiche jina kwa nini?"

"Ee Mungu wangu. Mwanaume huyu!"

"Nimekwenda kuuliza sheria, Orpha. Siku hizi anayeuliza sheria ndiye mwizi?"

"Ungeniuliza mimi kwanza. Jumatano wanakuja."

Wote wawili wakatazama sebuleni, alikokuwa Marlee amelala kifudifudi sakafuni anapaka rangi farasi. Marlee ni mtoto wa binti yao Tonya. Tonya alikufa kwa vidonge vya kulevya, kama walivyokufa nusu ya aliosoma nao, na mahakama ya kule kwao ikawapa wazee mtoto. Kisha dada yake Orpha akamtafutia ile kazi ya hospitali, yenye bima ya matibabu, na kwa mtu mwenye mapafu kama ya Denver bima si kitu cha kuchezea. Wakahama. Sasa ofisi ya watoto ya huku ilitaka kuona wenyewe nyumba anayokaa mtoto kabla ya kukubali. Ikikataa, Marlee anapelekwa kwa watu asiowajua. Hilo lilikuwa halisemwi ndani ya nyumba ile, lakini lilikuwa linakula nao na kulala nao.

"Kesho napiga simu polisi waje waichukue," Denver akasema. "Imekwisha."

"Polisi waje hapa na taa zao zinawaka, na yule mama wa ofisi ya watoto anakuja keshokutwa? Watakuweka ndani, Denver! Akija akute nini?"

"Basi nimpe dada yako aifiche."

"Umwingize Vernie kwenye kesi? Kwa wema wote aliotufanyia?" Orpha akaiweka soksi chini. "Ngoja Jumatano ipite. Jumatano tu. Alhamisi mpigie simu unayemtaka, hata Rais."

"Na akiuliza?"

"Nitamjibu mimi."

"Utamjibu nini?"

"Wewe kazi yako ukohoe. Si una kifua? Kohoa."

Denver hakupenda. Lakini alikuwa mgeni katika mji ule, tena mgeni aliyechekwa asubuhi ile ile, na mtu akishachekwa hukosa uhakika hata wa jambo analolijua. Akakubali.

*

Bi Kovalik wa ofisi ya watoto alikuwa mwanamke mpole, na naomba hilo likumbukwe, maana baadaye mtaani kwetu alisemwa vibaya sana. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alisifu mapazia. Aliingia chumba cha Marlee akaulizwa yupi ni farasi mzuri zaidi ukutani, akachagua, akaambiwa amekosea, akacheka kwelikweli. Orpha alianza kupumua. Aliweka mezani vimkate vya moto na jamu ya tufaha aliyokuja nayo kutoka kwao, na mgeni akala viwili.

"Nimefurahi," Bi Kovalik akasema. "Yamebaki maswali madogo tu. Kuna silaha yoyote humu ndani?"

Denver akakohoa. Wala hakuhitaji kujilazimisha.

"Hakuna," Orpha akasema, akimtazama mgeni usoni.

"Bibi!" Marlee akaruka kutoka kwenye kiti. "Umesahau sanduku la Babu!"

Hapa lazima nieleze, la sivyo mtamlaumu mtoto. Kule kwao afisa wa watoto alipokuja kukagua, kitu cha kwanza Denver alichofanya ni kuteremsha lile sanduku na kulifungua mezani. Ndivyo wafanyavyo watu wa kule. Mgeni wa serikali anaonyeshwa silaha imefungwa, anavuta kufuli kwa mkono wake, anaridhika, anakunywa kahawa. Nyumba yenye bastola iliyotunzwa vizuri ni nyumba ya watu wa maana. Kisha mtoto husimamishwa aseme anachojua, na Marlee alisema, na afisa akampigia makofi na kumpa peremende. Kwa hiyo siku ile ya Jumatano Marlee aliona bibi yake anampitisha mgeni nyumba nzima na kuacha kitu kizuri kuliko vyote. Alikuwa anamsaidia.

Akasimama wima katikati ya jikoni, mikono ubavuni, kama alivyofundishwa. "Ukiona bunduki, usiguse. Ondoka hapo. Mwite mtu mzima. Ukiulizwa, sema kweli!" Kisha akamgeukia babu yake anang'aa uso mzima. "Babu, mteremshie avute kufuli!"

Hakuna aliyempigia makofi.

"Bi Stiltner?" Bi Kovalik akasema polepole.

Mumewe ndiye aliyejibu. "Ipo. Ni yangu. Yeye mambo ya bastola hayajui."

"Kibali unacho?"

"Juzi nilikwenda kuomba. Ndipo nilipoambiwa. Nilikuwa... tulikuwa tunangoja..." Kikohozi kikamkamata, na safari hii hakikumwachia.

Bi Kovalik akafunga mkoba wake. "Ingekuwa bastola peke yake, ningejitahidi kuwaeleza wakubwa zangu kwamba ninyi ni wageni, mnahangaika kufuata sheria. Lakini umenitazama usoni, mama, ukaniambia hakuna. Na mtoto amesikia. Sasa haya mengine uliyoniambia nitayaaminije? Inabidi nipige simu. Samahanini sana."

Akatoka barazani kupiga simu yake, na kwa haraka aliyokuwa nayo akasahau kuvaa viatu.

Marlee aliwatazama wote wawili. Ule mng'ao ulikuwa umeshazimika. "Nimekosea?"

Orpha aligeukia sinki, akafungua bomba la maji ili asikike anaosha vyombo.

"Hujakosea," Denver akasema. Akamvuta mtoto mpaka magotini kwake. "Nitazame. Hujakosea hata kidogo. Umeulizwa, umesema kweli."

*

Polisi walikuja wawili, wakiwa na adabu. Mmoja aliteremsha sanduku, mwingine akamfunga Denver pingu, na kwa kuwa mtu mwenye pingu hawezi kuburura mtungi, yule wa pili akaubeba yeye, akamfuata nyuma ngazi kwa ngazi, mpira ukining'inia baina yao. Sisi majirani tulikuwa nje tunazoa theluji. Tuliacha kuzoa. Mzee yule, aliyekuwa akitusalimia kila asubuhi kwa kugusa kofia, siku ile alishindwa kuigusa. Alituinamia kichwa tu. Mimi nilitazama koleo langu.

Walimwachia jioni ile, akangoje kesi nje. Kilichomkata maini hakikuwa polisi. Kilikuja siku ya pili, Bi Kovalik aliporudi na uamuzi wa wakubwa zake.

"Marlee anaweza kubaki na bibi yake," alisema, na Orpha akashika ukingo wa meza kwa shukrani. "Kwa sharti. Mzee asilale nyumba hii, wala asiingie, mpaka kesi iishe. Kumwona mtoto atamwona ofisini kwetu, mmoja wetu akiwepo. Tukimkuta hapa, tutamchukua mtoto siku hiyo hiyo. Hilo si mimi ninayelitaka. Lakini ndivyo litakavyokuwa."

"Kesi itaisha lini?" Denver akauliza.

"Sijui, mzee. Huwa zinaahirishwa."

Alipoondoka, Orpha alisimama mbele ya mumewe. "Huendi popote. Bastola haikumdhuru mtu. Uongo ndio uliotuponza, na uongo ni wangu. Nitaondoka mimi."

"Na nani atamwogesha mtoto, mimi? Nani atapata mshahara? Hii bima iko kwa jina la nani?"

"Denver, sijawahi kulala peke yangu tangu tuoane, ila ukiwa zamu ya usiku mgodini."

"Basi jifanye niko zamu."

"Usinitanie! Usithubutu kunitania sasa hivi!" Akampiga kifuani kwa kiganja, pale pale kwenye mapafu mabovu, kisha akajilaza hapo hapo alipopiga, akalia kwa sauti. Denver alimshika kichwa. Naye machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

"Nifungashie," akasema baadaye. "Nguo chache tu. Mtoto asione sanduku kubwa akadhani sirudi."

Orpha alimwambia Marlee kuwa Babu amepata chumba karibu na kituo cha matibabu. Hakuuliza kitu. Kuanzia siku hiyo hakuuliza kitu chochote, wala shuleni hakunyoosha mkono. Usiku alikuwa anamwamsha bibi yake kumwambia mambo: kwamba alimwaga maziwa, kwamba alimkanyaga paka wa Vernie kwa bahati mbaya. Anakiri, kisha anangoja kuona nani ataondolewa.

*

Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Denver alikaa kwenye chumba juu ya duka la matairi, ngazi ndefu, na kila akipanda alipumzika katikati kama mtu anayetazama mandhari. Siku za kumwona mtoto ofisini, Marlee alikaa kwenye kiti cha plastiki akimwangalia yule mtu wa ofisi, si babu yake, na alijibu kila kitu kwa "ndiyo" na "sijui." Mara moja Denver alimletea farasi wa mbao aliyemchonga mwenyewe. Farasi akachukuliwa kwanza akakaguliwa.

Orpha ndiye aliyesema yametosha. "Jumapili njoo mlango wa nyuma. Saa moja tu. Mtoto anakauka, Denver. Akuone unakula kama mtu."

Alijua si sawa. Akaja. Alikula maharage na mkate wa mahindi kwenye kiti chake, Marlee akahamishia kiti chake ubavuni kwake, na wiki ile mtoto akanyoosha mkono darasani. Jumapili iliyofuata akaja tena. Nani angekataa? Mimi nilimwona akipita nyuma ya gereji yangu na mtungi wake, nikafunga pazia nisiwe nimeona.

Jumapili ya tatu, sahani ziko mezani, mlango wa mbele ukagongwa.

Orpha alichungulia dirishani, akamgeukia mumewe. Denver alikwisha simama. Alishika mtungi, akatoka mlango wa nyuma akiwa na shati tu, akauvuta mlango taratibu lakini haukufunga vizuri, haujawahi kufunga vizuri. Akasimama pale nje kwenye theluji, bega limeegemea ukuta. Kukimbia hakuweza. Pumzi ya kukimbia hakuwa nayo tena.

Bi Kovalik alikuwa amekuja na koti. Koti la mtoto, la buluu, lililokuwa dogo kwa binti yake mwenyewe. Hakuja kukagua, maskini. Alikuwa anapita tu. Lakini macho yake yalikwenda mezani, na meza ilikuwa na sahani tatu, na sahani zote tatu zilitoa mvuke.

"Mna mgeni?" akauliza.

Safari hii Orpha hakuwa na uongo hata mmoja. Alikuwa ameuapia moyo wake kwamba hatadanganya tena, na ukweli nao ungemtoa mtoto ndani ya nyumba jioni ile ile.

"Hatuna," Marlee akasema. "Hiyo ni ya mdoli wangu. Anakula na sisi Jumapili."

"Ooh. Na Babu umemwona lini?"

"Ofisini kwenu. Ile siku ya farasi."

Sauti yake ilikuwa tamu na tulivu. Haikutetemeka mahali popote. Alikuwa amekalia kitu, na alipoulizwa kama koti litamtosha, alisema kwa heshima kwamba atalijaribu akimaliza kula, na hakuinuka. Bi Kovalik alimshika kichwa, akamtakia Orpha Jumapili njema, akaenda zake. Labda aliamini. Labda na yeye alifunga pazia lake.

Nje, Denver alikuwa amesikia kila neno. Baridi ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mbavu, lakini si baridi iliyomtetemesha. Yeye ndiye aliyemlea Tonya, mama wa mtoto huyu, na vidonge vikamfundisha Tonya kudanganya hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo laini, macho makavu, mpaka siku ya mwisho. Aliijua ile sauti. Alidhani wameizika naye.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa kwa kishindo. Marlee alikuwa anaruka ruka, na mkononi ameshika kofia ya babu yake, imebondeka kwa kukaliwa.

"Ameenda! Hakuiona! Niliikalia!" Akamshika mkono. "Babu, nimesema vizuri?"

Denver alimtazama. Kwa wiki nyingi hakuuona uso ule ukiwa na furaha namna hiyo. Kwa umri wote wa mtoto yule hajawahi kumwambia neno ambalo si kweli, hata la kumbembeleza alale.

"Umesema vizuri, mwanangu," akasema.

Akaichukua kofia, akaikunjua, akaivaa. Marlee aliingia ndani anapiga makelele kwamba maharage yanapoa. Orpha alikuwa mlangoni, na Denver akamwambia kwa sauti ya chini, "Sitakuja tena hivi. Siwezi kumfundisha haya."

"Kula kwanza."

"Siwezi, Orpha."

Akaondoka kwa kupita nyuma ya gereji yangu, akisimama kila baada ya hatua chache.

Jumapili iliyofuata Marlee alipanga meza mwenyewe. Aliweka sahani tatu, akamweka mdoli kwenye kiti cha babu yake, akamfunga leso kifuani ili aonekane anakula kweli. Kisha akakaa anatazama mlango wa nyuma. Chakula kilipoa. Mwishowe Orpha akainua ile sahani ya tatu, akairudisha kabatini.

"Haji?"

"Haji, mpenzi."

Marlee alikuwa amekunja mikono mezani, mtiifu, yuko tayari kujifunza.

"Bibi," akasema, "na leo tukiulizwa, tunasema nini?"